Kijani cha Mjomba Samruai

Jumatatu, 5 Februari

Joto la kukaangia yai barabarani. Na mteja wa kwanza wa duka letu la stika nani? Mjomba Samruai! Yule yule anayempeleka mjukuu wangu Namwan shule, na watoto wengine wa mtaa huu. Pikapu yake ya mabenchi mawili nyuma imechujuka rangi, anataka tuibandike stika mpya ubavu mzima. Watoto wamempigia kura: nyati wa kulimia aliyevaa mkoba wa shule. Chini yake shamba la mpunga, kijani.

Sharti moja tu—buluu isionekane hata chembe. Kwetu kila siku ya kuzaliwa ina rangi yake ya mkosi; yeye kazaliwa Jumapili, mkosi wake buluu. Nikamwambia mimi ni wa Jumatatu, nyekundu sivai hata ndani. Akacheka mpaka akakohoa.

Mkewe, Shangazi Lamiat, alimjibia kila kitu. Nikadhani ni wale wanaomsemea mume. Nikawaeleza utaratibu wetu: prufu kwanza. Tunachora, tunatoa kwenye karatasi, mteja anakagua, anasaini. Akishasaini, kosa ni lake.

Jumatano, 7 Februari

Oei, mchoraji wetu, kaachwa na mchumba, akili haiko hapa. Shamba zima kalipaka buluu! Nimegundua Mjomba keshaketi, prufu iko mbele yake. Nikajikunyata nikingoja radi. Leo alikuja peke yake.

Akaiinamia ile karatasi. Akaisogeza mbali, akairudisha. "Ehee! Kijani hiki ndicho nilichokitaka. Mpunga wa mwezi wa nane huu!"

Nikacheka. Huyu mzee ananitania. Akasaini—jina limepanda juu ya kwato za nyati.

Hakuwa anatania.

Alhamisi, 8 Februari

Sijaipeleka kuchapwa. Oei nimemwambia arudishe kijani, sikumwambia zaidi.

Jioni nikamzungukazunguka Namwan, Mjomba anaendeshaje siku hizi? Vizuri! Wana mchezo. Wakikaribia taa za barabarani babu, yaani Mjomba, anauliza, "Haya, taa gani leo?" Anayetaja rangi wa kwanza anapata pipi ya ukwaju. Namwan hukaa mbele kwa sababu ndiye mdogo. Kanionyesha mfuko wa sare, umejaa.

"Mimi naona haraka kuliko wote, bibi."

Wali umenishinda.

Ijumaa, 9 Februari

Namwan nimempeleka mwenyewe kwa pikipiki. Kalia njia nzima, anataka kwenda na babu yake wa gari.

Kisha kwa Shangazi Lamiat. Alikuwa anamenya vitunguu saumu. Nilipotaja buluu akaweka kisu chini. Mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Daktari kasema apasuliwe, kadi ya matibabu italipa, si kazi kubwa. Mzee hataki kusikia. Kaka yake alipasuliwa zamani hizo, akatoka na giza moja kwa moja. Tena shule ikijua, njia anapewa mwingine.

"Mpaka wafunge mwezi wa tatu tu, Rampha mwanangu. Lile gari ndilo linalomwamsha asubuhi."

Nilimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja. Nikamuuliza, mjukuu wake mwenyewe angempandisha? Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nikimwambia mwalimu mkuu, nimemuua mzee. Nikinyamaza—namuua nani? Namwan wangu nimemtoa. Na wa wenzangu je?

Jumamosi, 10 Februari

Nimepata! Stika haibandikwi gari likiwa barabarani. Nimempigia: Mjomba, lete gari leo, tulioshe, tuliweke kivulini, prufu ikikaa sawa tubandike. Kaja nalo polepole kama mwali. Akaangusha ndoo yetu ya sabuni, akamlaumu paka. Hatuna paka.

Ufunguo kanipa mwenyewe mkononi. Nimeutia kwenye mfuko wa aproni. Wazazi nimewaambia gari lipo kwetu linapambwa, kila mtu ajipelekee wake.

Jumanne, 13 Februari

Jana nilimwambia mkia wa nyati mfupi, lazima prufu ichorwe upya. Akakubali. Leo pembe zimepinda. Akainama, "Kweli, naona zimepinda." Hazijapinda! Ni nzuri kuliko za nyati wa kweli. Najisikia mwizi.

Hia Kuang, bosi wetu, anafoka. Gari limeziba nafasi, huyo nyati anachorwa au anazaliwa? Nikamwambia subira huvuta heri. Akasema heri hailipi umeme.

Na mzee kila akiondoka anapitisha mkono kwenye boneti. Hajauliza ufunguo. Kwa nini hauulizi?

Alhamisi, 15 Februari

Naandika kwenye kaunta.

Kaja na mkewe. Shangazi haniangalii usoni. Nikafungua mdomo—leo kwato, nilikuwa nimejiandaa na kwato—akaniwahi.

"Rampha. Nyati gani huyu, kila siku ana ugonjwa mpya?"

Akaweka kiganja juu ya prufu, akaipapasa mpaka pembeni.

"Niambie wewe. Shamba rangi gani?"

Hajawahi kuniuliza rangi. Aliwauliza watoto tu.

"Leo ni kijani, Mjomba. Uliyosaini ilikuwa buluu."

Shangazi akaziba mdomo kwa kitambaa. Mzee akaondoa kiganja kwenye karatasi. "Buluu," akasema. "Mimi!" Kisha, polepole: "Namwan kakwambia mchezo wetu?"

"Kaniambia."

Akailaza kalamu mezani. Hakusaini. Katoka nje, mkono ukifuata ukuta, halafu ukifuata ubavu wa gari. Nimesikia mlango wa gari ukifungwa. Shangazi anataka kumfuata, nimemzuia. Ufunguo ninao mimi. Hospitali wanapokea mpaka saa kumi; angekubali, ningempeleka mwenyewe.

Honi! Moja. Kimya. Nyingine. Ananiita. Hia Kuang anauliza nani huyo na makelele yake.

Nimechungulia dirishani. Hayupo kwenye usukani. Amekaa pale anapokaa Namwan, mkono kaunyoosha mpaka kwenye honi, anabonyeza tena. Nautoa ufunguo.