Mgomo Bila Mtani

Mtani wangu Jonasi,

Nakuandikia nikiwa ofisini kwetu walimu hapa Makurunge, saa za kazi, na kazi sifanyi. Tumegoma. Najua ungesema Wakwere tumegoma tangu kuumbwa, ila safari hii wamo mpaka Wanyamwezi wenzako. Serikali imepunguza mishahara ya watumishi, ikafuta na posho ya mazingira magumu. Hatukuandamana wala kupiga kelele. Ni mgomo baridi tu: tunakuja asubuhi, tunasaini, tunakaa. Darasani haingii mtu. Mwalimu Mwanaidi wa darasa la pili, aliyekuwa akikuficha chumvi kwa ajili ya presha yako, ndiye mwenyekiti wa mgomo. Hakuna aliyedhani anaweza. Anaweza sana.

Hesabu zako za darasa la saba nimeachiwa mimi. Hukuniuliza, ukafa. Siku ya kukusafirisha kwenda Tabora, jeneza likisubiri gari, nilivaa koti lako na miwani yako, nikawakaripia waombolezaji kwa sauti yako: "Nani kakwambia saba mara nane inakisiwa?" Mkeo alicheka mpaka wakamshika mabega. Ni haki yangu ya utani na niliitimiza. Kulia nililia baadaye, jikoni kwangu, nikichambua mchicha.

Sasa nikueleze ya juzi. Nilitoka kwenda msalani, na njia unaijua, inapita nyuma ya darasa la saba. Watoto wanajifundisha wenyewe, maana mtihani wa taifa umekaribia na wao hawajapunguziwa maswali. Rehema, yule mrefu uliyekuwa ukimwita mlingoti, alikuwa ubaoni anajumlisha theluthi moja na robo moja. Akajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, akapata mbili ya saba. Mdomo wangu haukuomba ruhusa. "Tafuta KDS kwanza, kigawe kidogo cha shirika," nikasema kupitia dirisha, kisha nikaendelea na safari yangu.

Kuna aliyesikia. Wakati wa chai kikaitishwa kikao, nikaambiwa nimevunja mgomo. Nikasema nilikuwa naenda msalani. Hakucheka mtu. Hapo ndipo nilipojua kweli umekufa, Jonasi. Ungekuwepo ungesimama, ukaniita msaliti niliyezaliwa na wasaliti, ukanitoza kuku, watu wakacheka, na jambo lingeishia kwenye kikombe cha chai. Kwa kuwa hupo, lilibaki na uzito wake wote. Wakaamua nisisemeshwe. Tunakaa chumba kimoja na sukari inanizunguka kama vile kiti changu ni kitupu.

Sisemi wamekosea. Mwanaidi anasomesha wanawe kwa mshahara huohuo uliopunguzwa, na tukianza kuvuja mmoja mmoja hakuna mgomo tena. Mimi mwenyewe niligoma kwa hiari yangu na haki yangu naitaka. Lakini kukaa na watu wasiokusemesha kunauma, nisikudanganye.

Jana Rehema alikuja mlangoni. Akatuamkia, shikamooni, tukaitika sote, maana mgomo haujafika kwenye salamu. Kisha akaniangalia mimi.

"Mwalimu, leo hutapita?"

Nikamuuliza nipite wapi.

"Pale dirishani. Si lazima useme kitu. Tukikosea, ukohoe tu."

Mwanaidi alikiweka kikombe chake mezani. Halafu akanisemesha, yeye aliyekuwa wa kwanza kuninyamazia.

"Pita. Chaki usiguse."

Nikapita. Nilisimama juani nyuma ya darasa mpaka mapumziko, nikakohoa hata koo likaniwasha. Kila wakikosea nakohoa, wanafuta, wanaanza upya. Kuna swali la uwiano ambalo mimi mwenyewe huwa nalikwepa. Rehema alilipata, tena kwa njia yako ile ndefu uliyokuwa ukituchosha nayo. Nikageuka nikuambie, nikakuta ukuta. Nimekukasirikia kwa kufa, mtani. Sikuwa nimekwambia, na waombolezaji hawakuniachia nafasi ya kukuambia.

Leo asubuhi Mwanaidi alitoka mapema kabla ya chai, akasema ananyoosha miguu. Baada ya muda nikasikia mtu anakohoa upande wa darasa la pili. Aliporudi hakuna aliyemuuliza kitu. Akanisogezea sukari.

Basi kwaheri, Jonasi. Lala huko kwenu, sisi hapa tutapambana na yetu. Mgomo sitauvunja, na mshahara wangu nitaudai mpaka urudi. Lakini nakuahidi kwamba darasa lako halitaingia kwenye mtihani na kosa nililoliona nikalinyamazia. Nasikia wameanza asilimia, na aliyeko ubaoni ameshakosea. Ngoja nitoke.

Mtani wako,
Zainabu