Shukrani kwa Mama Zuhura

Kibiti, Jumatano

Jarida limenirudishia tena makala yangu ya kaa wa mikokoni. Safari hii kosa liko kwenye shukrani: kila ninayemshukuru atajwe kwa jina kamili, naye aridhie. Mwisho ni kesho.

Nikampigia Mama Zuhura, aliyenionesha mashimo yote ya kaa kule Mbwera.

"Mama, jina lako la kitambulisho nani?"

"La nini, mwanangu? Umenishtaki?"

Nilipomweleza, akacheka. "Andika Mama Zuhura. Lile jingine hapa Mbwera nani analijua?"

"Wasomaji wako Ulaya, mama."

"Hao waliniona lini matopeni?"

Ni makala yangu ya kwanza, naogopa wataikataa. Lakini nimeandika Mama Zuhura na nimetuma. Wakilalamika, nitawapa namba yake wabishane naye.