Unga Mwekundu wa Daraja la Zuzu

Jumatatu, 5 Juni 1911

Yotham karudi leo kutoka darajani. Mwanangu! Anainama kuingia mlangoni mwa tembe, mrefu hivyo. Nyapara Mbwana kamtoa kwenye kubeba mawe, kampa kazi ya kuchanganya rangi. Lile daraja la chuma pale Zuzu, rangi yake inatoka mikononi mwa nani? Mwa mwanangu mimi. Chuma kisile kutu. Kaniletea unga wenyewe, kaufunga kwenye kitambaa — mwekundu, mwekundu! Udongo wetu wa mlimani tunaojipaka, mbele yake ni majivu. Anasema Mzungu wao akija kukagua hujifunga leso puani na kusimama mbali. Tumecheka mpaka tukakohoa. Wazungu na pua zao! Yotham hana haja ya leso. Anaukoroga kwa mikono mitupu, saa ya kula anakung'uta viganja, anakula.

Jumapili, 18 Juni

Nimeuchanganya na mafuta ya ng'ombe, vile vile tunavyofanya na udongo wetu, nikampaka Raheli mabegani, akaenda ngoma ya mavuno. Watu waliacha kucheza wakamtazama binti yangu! Sasa kila mwanamke anautaka. Nimewagawia. Mimi si mchoyo. Jirani Anyesi kachukua. Mama wa yule kijana anayemposa Raheli kachukua, akarudi tena kuchukua.

Mwalimu Filipo wa misheni kanikemea mbele ya kanisa, eti kujipaka wekundu ni mambo ya kipagani. Nikamwambia, mwalimu, unga huu umetoka Ulaya, ukaja kwa gari la moshi. Upagani umepandia stesheni gani? Yale madarasa mawili niliyosoma yananitosha!

Jumatano, 12 Julai

Mbuzi wangu mweupe kafa. Alilamba kibuyu nilichochanganyia. Akazunguka uani kama kipofu, akagonga ukuta, akaanguka. Mwamvua, jirani yangu aliyetoka Kondoa, kaja kutazama. Eti, dada, ni ule unga. Eti wake alishaumwaga. Kaumwaga! Nikamwambia ana wivu, hana mwana relini. Akasema ni kweli, mwana hana, ila mbuzi anao wote.

Mdomo wake huyo! Sikumkaribisha hata maji.

Alhamisi, 3 Agosti

Yotham kaletwa na wenzake. Tumbo. Limekaza kama ubao, anajikunja juu ya ngozi na kulia — yeye, asiyelia hata alipotahiriwa! Hali chakula. Wazee wanasema kuna mtu kamtupia kijicho kwa sababu ya majivuno yangu. Mwana mzuri nisimsifu, nimsifu nani, jiwe? Namshuku Mwamvua.

Jumamosi, 19 Agosti

Tumbo limeachia. Lakini mikono! Nimempa kata ya maji, ikamponyoka. Viganja vinaning'inia kama mikono ya shati lililoanikwa. Anaviamuru vinyanyuke, havinyanyuki. Kijana aliyekuwa anatupia taruma la chuma la reli begani!

Nikamuuliza, na wenzako? Akasema, Sila naye hivi hivi, mama. Na Hasani kapelekwa kwao amebebwa. Ni sisi wachanganyaji tu. Wabeba mawe wazima.

Basi ni kijicho gani hiki, kinawachagua wachanganyaji na kuwaacha wabeba mawe?

Leso! Mzungu na leso yake. Kumbe alikuwa anajua. Na mimi nilicheka.

Nimekwenda kwa Mwamvua. Nikasimama mlangoni. Akasema, ingia dada, jua kali. Akanipa maji. Yeye alinipa.

Jumapili, 20 Agosti

Nimepita nyumba kwa nyumba, na mdomo ule ule nilioringia. Rudisheni unga. Anyesi kacheka: jana urembo, leo sumu, kesho utatuambia nini? Nikamwambia kesho nitakuambia pole, kama hunisikii leo. Akaurudisha.

Mama wa mposaji kanijibu kwamba bila wekundu ule mwanawe haoi, ng'ombe wa mahari watabaki zizini kwao. Wabaki! Binti yangu hatakosa mchumba. Raheli kalia kidogo. Kisha nikamkuta nyuma ya nyumba anajisugua mabega kwa majivu mpaka ngozi inawaka. Damu yangu hiyo!

Tumeufukia mbali na kisima, mimi na Mwamvua. Nimebakiza kijiko kimoja. Mwamvua kauliza wa nini. Nikasema wa mgeni.

Jumatatu, 21 Agosti

Mgeni kaja. Nyapara Mbwana, na kiboko chake. Anasema kijana ana mkataba, daraja linamsubiri, asipotoka atatolewa. Nikamwonyesha mikono ya mwanangu. Akasema uvivu una mbinu nyingi, mama Yotham, ule ni udongo tu, kama huo mnaojipaka ninyi Wagogo.

Udongo tu? Vizuri!

Nikaingia. Nikasonga ugali wa uwele, nikauepua moto moto. Ule unga nikaukoroga na mafuta ndani ya sahani ya pili. Nikamtandikia ngozi uani, nikaandaa kama anavyoandaliwa mkwe.

"Karibu chakula, nyapara. Chovya."

Watu wamejaa. Mwamvua kamletea maji ya kunawa, kapiga goti kabisa kwa adabu. "Kula, baba. Udongo hauui mtu."

Kanawa. Kamega tonge. Kalishika. Akaitazama sahani, na mkono wake mwingine ukapanda wenyewe mpaka shingoni, kwenye leso. Hata yeye anayo! Nikapaza sauti: mnaiona? Mnaiona leso ya nyapara? Anyesi ndiye aliyeanza kucheka, na safari hii hakunicheka mimi.

Karudisha tonge. Anasema atamngoja Bwana, yule Mzungu wa leso, anapita leo kukagua. Amngoje. Naandika nimekaa kizingitini, mgongo wangu umeziba mlango, Yotham yuko ndani. Mbwana yuko pale kwenye ngozi, kiboko magotini, ugali umepoa, hajachovya. Vumbi la nyumbu anayepandwa na Bwana limeshaonekana upande wa Zuzu.

Raheli kauliza, mama, tufanyeje?

Nimemwambia abandike maji ya ugali mwingine, wa Bwana.