Majina Yaliyofutika Kila Ilipojiwasha

Bunia, mtaa wa Lumumba

Yaya Mapenzi, dada yangu mkubwa,

Kabla sijakusalimu, acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa: mimi ndiye niliyepoteza majina ya watu. Usimsomee Baba barua hii. Isome peke yako.

Sasa nakusalimu. Kikohozi cha Mama kimepungua? Huko Mahagi kumetulia? Huku watu wa Djugu wanazidi kuingia mjini, magodoro kichwani.

Unajua ofisi yetu inaandika majina ya waliopotezana vitani. Wenzetu wa Mambasa na Ariwara wanatuma majina na picha, na yote yanaonekana kwenye tovuti. Tovuti hiyo inakaa ndani ya seva, kompyuta moja iliyo chini ya meza yangu. Ilikuwa ikikwama kila mara, na shefu, mkuu wetu wa ofisi, anapaza sauti, "Riziki, imekufa tena!" Naizima, naiwasha. Nikachoka, nikaandika programu ndogo: seva ikiacha kujibu, ijiwashe yenyewe. Shefu akaita wote. "Muone huyu mutoto! Ametoka masomo juzi tu, na iko anatushinda siye wote!" Wakanipigia makofi. Niliangalia viatu vyangu, lakini nilifurahi, Yaya.

Nilijua haijapona. Kila picha iliyofunguliwa ilibaki ikijaza kumbukumbu ya seva mpaka inakwama. Kila asubuhi niliona imejiwasha mara nyingi zaidi kuliko jana yake. Baada ya makofi yale, niliona haya kusema. Nilichokuwa sijui ni kwamba majina mapya yalikuwa yanangoja kwenye kumbukumbu hiyo kabla ya kuhifadhiwa. Mambasa waliona "imepokelewa", kumbe seva ikijiwasha, majina yanafutika.

Kuna mama mmoja wa Djugu, Mama Lotsove. Kila Jumatatu anakuja kumuulizia binti yake.

"Mutoto wangu, bado haiko?"

"Bado, Mama."

"Angalia tena. Weye macho yako iko mazuri."

Nilimjibu hivyo wiki tatu. Jumamosi mwenzetu wa Mambasa akapiga simu kwa hasira: "Mbona munanyamaza? Ule mutoto Lotsove, tulituma jina lake zamani! Sasa watu waliomutunza wameshika njia ya Kisangani, wamekwenda naye."

Nilikwenda kujifungia chooni mpaka wenzangu wakagonga.

Leo asubuhi nimeiondoa ile programu. Seva imekwama saa nne, na sijaiwasha. Nimepata mahali picha zinapobaki wazi, ninaparekebisha. Mambasa wanamuulizia mtoto kwa madereva wa malori ya mbao. Bado hawajapata jibu. Shefu ameshauliza mara mbili, "Riziki, ile dawa yako imeisha nguvu?" Nje, Mama Lotsove ameketi kwenye benchi. Leo ni Jumatatu.

Unisalimie Mama, na bibi anayelala chumbani kwako, na mjomba wetu mvuvi. Mwambie shemeji redio yake ingali inasema vizuri.

Nimeisoma tena barua hii toka juu. Pale nilipoandika usimsomee Baba, pafute. Msomee yote, hata habari ya makofi. Sasa ninatoka kwenda kwenye benchi. Huyo mama atasikia kwanza, ndipo shefu.

Mdogo wako,
Riziki