Filamu Yenu Imefika Kasokola

Kasokola, Mpanda.
9 Juni 2024.

Mpendwa mwanangu Fredrick,

Hujambo huko Torino? Mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kusimama jikoni umepona? Sisi wazima. Presha ya mama yako Yustina imeshuka, anakula, anafokea kuku. Mahindi tumeshavuna.

Flashi yenye filamu yenu nimeipata. Nilikuona, dakika mbili tu, ukipeleka tambi mezani kwa wale marafiki, wanaume wanaopenda wanaume. Nilicheka sana. Kisha nikalia walipomuuguza mwenzao aliyekataliwa na familia yake.

Kosa langu nilimpa Abuu wa kibanda cha video aitie Kiswahili, kama anavyofanya filamu za Kihindi. Akaogopa. Akawageuza ndugu wa tumbo moja waliogombania shamba! Wakikumbatiana, yeye anapaza sauti: "Kaka, nisamehe, chukua ekari zote!" Baba yako mdogo Fabiani akafuta machozi mbele za watu. Akasema, "Hao ndio wanaume. Hawatupani."

Wiki iliyofuata mtu akaipata ile halisi kwenye simu. Machozi ya Fabiani yakakauka. Akauliza wewe unafanya nini kati yao. Siri yako uliyoniandikia mwaka jana sikuitoa, lakini wala sikukukana.

Basi akaita kikao cha ukoo. Anataka Agosti, tukimaliza matanga ya marehemu baba yako, usije kukalia kigoda chake cha urithi. Akalie Venant, mwanawe.

Nikasimama. "Fabiani, ulilia au hukulia?"

"Nilidanganywa, dada."

"Ulidanganywa habari ya shamba. Mgonjwa alikuwa mgonjwa, na waliomuuguza ni haohao."

"Hayo mambo ya Ulaya, dada."

"Na hiyo simu uliyoletewa kama ushahidi, imefuliwa na mhunzi wa hapa Kasokola?"

Watu wakacheka, yeye akanuna. Nikawakumbusha kwamba katika ukoo wetu mrithi hushikwa mkono na shangazi, shangazi ndiye humkalisha. Shangazi aliyebaki ni mimi peke yangu. Mkono wangu hautamshika mwingine ila wewe. Nimesoma vitabu vya kila namna, mwanangu, na sijaona popote uoga ukiitwa mila isipokuwa na wanaofaidika nao.

Sikufichi. Hapa pana sheria, na pana ndimi. Siwezi kukuahidi usalama kama ninavyokuahidi kitanda. Ukija, nitakupokea stesheni mwenyewe, na nitatembea nawe sokoni taratibu. Usipokuja, kigoda kitabaki kitupu, wakiangalie kila siku. Pima wewe, mtu asikupimie. Hapana yako nitaipokea. Yao siipokei.

Mama yako anakusalimu, anasema uvae sweta. Dada yako Cecilia anakusalimu. Venant naye, kwa siri, anasema kiti cha kaka yake hakitaki. Nisalimie na Davide unayeishi naye. Mwambie ana shangazi Mpanda.

Mungu aliyekuumba akulinde. Hakuomba ruhusa ya kikao.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye mchana kweupe,

Pelagia