Shati la Kaka Idwal

Bryn Glas, Wales
9 Machi 1944

Shangazi Ceinwen,

Sisi wazima, na yule kondoo mweusi amezaa pacha. Mama bado anaanika shati la kaka Idwal mbele ya moto kila Jumamosi. "We Eluned, usije ukamwambia nililia," ananionya. "Akirudi atanicheka mpaka Pasaka!"

Shangazi, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa hili. Telegramu ya jeshi ilikuja kwa Kiingereza, na Mama anajua Kiwelisi tu. Nilimsomea kwamba ndege ya mabomu ya Idwal na wenzake haijaonekana. Haikuandikwa hivyo. Iliandikwa kwamba Idwal ameuawa. Nilimtazama Mama usoni, mdomo ukakataa.

Sasa kanisa zima linaomba arudi, na mlango wetu hautiwi komeo. Jana nilisikia buti zake uani, nikainuka kuinjika birika la chai yake. Mimi, niliyeisoma ile karatasi!

Njoo, Shangazi. Nitamwambia mwenyewe, wewe nishike mkono tu. Ila usije Jumamosi. Mama akiwa na lile shati mikononi, mdomo wangu utakataa tena.

Mwanao,
Eluned