Mkono wa Nassor

Jumapili, 9 Novemba

Nassor, mjukuu wangu, huna haya. Umenivua nguo mbele ya watu. Nimekwambia kwenye basi, nikakwambia tena mlangoni, na sasa naandika ili nipoe. Sijapoa.

Kanipeleka kutazama mpira wao wa chuo, ule wa Kimarekani, mpira kama yai, makofia makubwa. Kazi yake kusimama nyuma peke yake. Wale wengine wanaupiga juu kabisa, yeye audake, akimbie nao huku wote wanamjia. Mara ya kwanza kakimbia, nikapiga vigelegele. Mara ya pili kanyanyua mkono. Wote wakasimama. Kadaka, basi. Kama mtu anayeomba radhi kabla hajapigwa.

Kwa Kiingereza chake anasema ndiyo sheria: ukinyanyua mkono hawakugusi, nawe hukimbii. Nikamwambia baba yako hakunyanyua mkono kumwomba mtu radhi mpaka anaingia kaburini. Chakula hakumaliza.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Goti linauma.

Jumapili anakuja kocha wa chuo cha huko Marekani kuchagua mdakaji mmoja, akasome na kucheza kwao. Wanaotajwa ni Nassor na kijana mmoja wa Sutton Coldfield, mji wa jirani. Huyo wa Sutton nimemwona, miguu mizito. Wetu ana mbio za baba yake.

Namtaka aende. Sitaki aende. Tangu nimzike mwanangu Seif, nyumba hii ya Nechells, huku ugenini, ina sauti moja tu, ya huyu mjukuu.

Nimemwambia tena: usinyanyue mkono ule mbele ya mgeni.

Jumapili, 16 Novemba

Kavunjika mtulinga.

Mpira ulipanda ukapotelea winguni. Watatu wanamjia, karibu mno. Niliona kiwiko kinaanza kupanda. Kikashuka. Kadaka, wakamfikia hapo hapo. Mlio nimeusikia, na mimi siku hizi sisikii vizuri.

Jumatatu, 17 Novemba

Kocha kapiga simu. Kamchukua wa Sutton. Anasema kwa mbio Nassor anamshinda, lakini wenye mbio wamejaa kwao. Yeye alikuja kutafuta anayejua lini akimbie na lini anyanyue mkono. Mkono ndio aliokuwa akiutazama.

Nikamuuliza mjukuu wangu kwa nini aliushusha. Kanijibu kwa Kiswahili, na huyu Kiswahili hunijibu akiwa mgonjwa tu.

"Nilikuona, Bibi. Ulikuwa umesimama."

Nimeingia jikoni. Nimefungulia maji, sina cha kuosha.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimemvisha shati, mkono mmoja nje, mmoja ndani. Nimemlisha wali kwa mkono wangu kama alipokuwa mdogo. Hakukataa. Afadhali angekataa.

Jirani yetu Mama Furaha, yule Mkongo, kaleta sombe, kisamvu chao. Kasema kijana kapata ujanja wa kutoosha vyombo. Nassor kacheka, bega likamuuma, kaacha. Viatu vyake vya mpira viko mlangoni na tope lake. Sijavigusa.

Basi sikiliza, we bibi. Vioshe hivyo viatu. Mfupa ukiunga, urudi naye uwanjani, usimame palepale anapokuona. Mpira ukipanda na wale wakimkaribia, nyanyua mkono wako. Wewe kwanza.